Dubai, Shanghai au Atlanta: ukipata siku moja ya kuingia hoteli ndefu, chagua ipi?

Watu wa Kigoma wanaovuka bahari siku hizi wana njia tatu kubwa. Kuna wanaokwenda Dubai kufuata simu, manukato na nguo. Kuna wanaokwenda China, Guangzhou au Yiwu, kutegemea na mzigo anaoutafuta mtu. Halafu kuna wanaokwenda Marekani kumwona ndugu, na wengi wa hao ndugu ni familia zilizokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa kuanza maisha huko. Mimi nakata tiketi za ndege hapa Mwanga, mjini Kigoma, kwa hiyo njia zote tatu zinapita mezani kwangu. Mtu akishamaliza habari za kilo na tarehe ya kurudi, swali linalofuata huwa lile lile: nikibakiwa na siku moja, nikaone nini?

Nawaambia waende hotelini. Wasilale, waingie tu watazame ndani. Wengine hudhani natania, lakini kila moja ya njia hizo inapita karibu na hoteli yenye ukumbi wa ndani usio wa kawaida: Burj Al Arab ya Dubai yenye umbo la tanga la jahazi, Grand Hyatt iliyo ndani ya jengo la Jin Mao mjini Shanghai, na Marriott Marquis ya Atlanta. Zote ni majengo marefu, na zote zimeachwa wazi katikati, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka shingo inauma kwa kutazama. Ila zinatofautiana sana kwa mlango, kwa gharama, na kwa kile ambacho jicho linapata. Ndiyo maana nimeamua kuziweka pamoja hapa, anayesafiri achague mwenyewe kabla hajafika.

Ukumbi wenyewe ukoje

Hoteli ya ghorofa tuliyoizoea ina korido nyembamba katikati, vyumba kulia na kushoto, na taa zinawaka hata saa sita mchana. Hizi zimegeuza mambo. Vyumba vimesogezwa pembeni vikizunguka, katikati pakaachwa patupu kuanzia mapokezi hadi karibu na paa. Ukifungua mlango wa chumba unatokea kwenye roshani ndefu, mbele yako kuna kizuizi cha kiunoni, na ng'ambo ya uwazi unaona milango ya wageni wenzako.

Aliyeufanya mtindo huu uenee ni John Portman, msanifu majengo wa Atlanta aliyefariki mwaka 2017. Mwaka 1967 ilifunguliwa Hyatt Regency ya mji huo aliyoichora yeye, yenye ukumbi wa ghorofa 22. Hakuwa wa kwanza kabisa, maana hoteli ya Brown Palace kule Denver ilikuwa na ukumbi wa ghorofa nane tangu 1892. Lakini wenye hoteli kwa miaka mingi waliona nafasi tupu ni hasara, kwamba pale mahali pangekaa vyumba vya kupangisha. Portman akawaonyesha kuwa wageni watalipia vyumba kwa sababu ya ule utupu. Akaongeza lifti za kioo zinazopanda waziwazi mbele ya macho ya kila mtu, na tangu hapo hoteli nyingi kubwa duniani zimemwiga.

Mteja wangu mmoja, fundi ujenzi, aliniuliza jambo la maana kuliko yote: moto ukitokea? Ukumbi wa namna hii ni bomba la moshi, na moshi ukianzia chini utafika kila roshani. Kwa hiyo majengo haya hutegemea mafeni makubwa ya kuvuta moshi kule juu, vinyunyizio vya maji, milango inayojifunga yenyewe na ngazi za dharura zilizozungushiwa kuta zake. Ukiwa ndani huvioni vyote, lakini bila hivyo hakuna mamlaka ambayo ingeruhusu mtu alale pale.

Sasa urefu. Kwa mtu wa Kigoma kipimo kizuri ni MV Liemba. Meli ile, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuja kuunganishwa upya hapa kwetu, ina urefu wa mita 71 na kidogo. Isimamishe wima, omo juu. Ukumbi wa Jin Mao una mita 115 hivi: Liemba inaingia, na juu yake panabaki zaidi ya mita 40. Ule wa Atlanta ni mita 143, yaani Liemba mbili, moja juu ya nyingine, bila kubaki hata nafasi ya bendera. Wa Dubai unafika mita 180, Liemba mbili na nusu.

Atlanta ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani tangu ilipofunguliwa mwaka 1985, hadi Burj Al Arab ilipokuja kuipita mwaka 1999. Baadaye Wachina wakajenga Leeza SOHO mjini Beijing, ikakamilika 2019 na ukumbi wa mita 194, lakini hilo ni jengo la ofisi, siyo hoteli, na sitalizungumzia tena.

Ukichagua kwa mita peke yake, basi Dubai imeshinda na ungeishia hapa. Mimi sichagui hivyo. Namwuliza mteja anataka asimame wapi: chini akitazama juu, juu akitazama chini, au apite katikati ya huo uwazi akiwa ndani ya lifti. Hizo hoteli tatu kila moja ni bingwa wa jambo moja kati ya hayo. Ila kabla ya kusimama popote, kuna mlango.

Mlangoni

Burj Al Arab imejengwa kwenye kisiwa cha kutengenezwa, mita 280 kutoka ufukweni, na daraja la kuingilia ni moja lenye walinzi. Huwezi kuja tu ukasema unapita. Unaingia ukiwa mgeni wa chumba, au umeweka nafasi kwenye mmoja wa migahawa yake, au umekata tiketi ya matembezi ya kuongozwa yaliyoanzishwa mwaka 2021. Yalipoanza, bei ya chini ilikuwa dirhamu 399. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.67, kwa hiyo hapo tunazungumzia zaidi ya dola 100. Bei hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo angalia kwenye tovuti yao kabla hujapanga siku, na hakikisha matembezi yapo wiki hiyo.

Kuna mama mmoja wa Ujiji, mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuja kukata tiketi ya Dubai. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza:

"Mwanangu, ile hoteli ya tanga, mtu akisema anakwenda kutazama tu, anafukuzwa?"

"Hafukuzwi, mama, ila anakata tiketi kwanza. Dola mia na kitu."

"Dola mia kutazama sebule ya watu?" Akafunga pochi kabisa. "Hiyo hela inanitoa Dar mpaka nyumbani."

Sikumbishia. Kwa fedha hiyo unapata kuzungushwa kama saa moja na nusu, unaingia ukumbini, unaona na jumba la kifalme la ghorofa ya 25, na mwongozaji anakueleza mambo. Mwenye hamu ya kuona dhahabu hatajuta. Aliyebanwa ajue tu kwamba umbo la tanga lenyewe linaonekana bure na vizuri kutoka ufukwe wa umma wa Umm Suqeim, pale pembeni, na picha nyingi mnazoziona mitandaoni zimepigwa hapo. Atakachokosa ni ukumbi.

Jin Mao ina milango miwili, na wengi hawajui. Mlango wa kwanza ni wa watalii: unakata tiketi, unapanda lifti inayokufikisha ghorofa ya 88 kwa sekunde 45, mita 340 kutoka ardhini. Tiketi imekuwa kama yuan 120, dola 17 hivi. Mlango wa pili ni wa hoteli yenyewe. Mapokezi yapo ghorofa ya 54, na ghorofa ya 56, chini kabisa ya ukumbi, kuna sehemu ya kukaa wanakouza chai na kahawa. Ukiingia kama mteja, ukaagiza kikombe chako na kukaa, umeshafika. Kikombe hicho hakitakuwa bei ya Kigoma, lakini kiti utakachokalia ndicho bora kuliko vyote katika jengo zima.

Atlanta hakuna habari ndefu. Unaingia kwa miguu yako. Sehemu ya chini ya ukumbi ina migahawa na baa, watu wa mikutano wanapita na vitambulisho shingoni, na hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Lifti za kwenda vyumbani ndizo zinazoweza kukudai kadi ya chumba, hasa usiku.

Neno moja kwa hoteli zote tatu: usiende moja kwa moja kutoka sokoni. Mfuko wa shangazi kaja uache ulikofikia. Siyo kwamba kuna sheria, ila mlinzi wa hoteli yoyote duniani anasoma mzigo kabla ya kusoma uso, na huna haja ya kuanza siku yako kwa maelezo. Nguo safi ya kawaida inatosha. Dubai, wanaokwenda kwenye migahawa wasome masharti ya mavazi, kwa sababu kaptula na ndala zinaweza kukurudisha.

Utasimama wapi

Nianze na Dubai kwa kuwa ndiyo rahisi kueleza. Ukiingia unakutana na chemchemi inayoshuka ngazi kwa ngazi, na kila upande wake kuna ngazi za umeme, pembeni kuna matangi makubwa ya samaki. Unapanda, unatokea kwenye ukumbi wa juu, na hapo ndipo watu wote wanapofanya jambo moja: wanainua kichwa. Roshani zimepangana kwa mawimbi, na sehemu ya chini ya kila roshani imepakwa rangi, zikianza na buluu zito na kubadilika kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Jengo lina mabawa mawili yaliyofunguka kama herufi V, na upande wa tatu umefungwa kwa kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo. Hilo ndilo tanga. Mchana jua la Dubai linapita kwenye kitambaa hicho na kuingia ndani likiwa limepoa, na kwangu mimi hicho ndicho kitu cha thamani zaidi pale, kuliko dhahabu yote. Na dhahabu ipo: karatasi nyembamba za karati 24 zimebandikwa mapambo ya ndani kwa eneo la karibu mita za mraba 1,790.

Tatizo la Dubai ni kwamba umeongozwa. Una saa yako, una kundi lako, na ukitaka kukaa chini robo saa bila kusemeshwa na mtu, itabidi uwe umeweka nafasi ya chai au chakula, ambayo gharama yake inapita ya matembezi.

Shanghai ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo.

Jin Mao ina urefu wa mita 420 na ghorofa 88, ilichorwa na Adrian Smith wa kampuni ya SOM ya Chicago. Namba nane kwa Wachina ni ya neema, nao hawakuificha: hata kiini cha zege cha jengo kina pembe nane. Ghorofa 50 za chini ni ofisi, na kiini hicho kimejaa lifti za wafanyakazi wa ofisi. Lifti hizo hazina kazi juu ya pale ofisi zinapoishia. Basi kuanzia hoteli inapoanza, ghorofa ya 53, kile kiini kinakuwa hakina cha kubeba, na wachoraji badala ya kukiziba wakakiacha wazi. Ukumbi ni zile nafasi za lifti zilizokwisha kazi. Ndiyo maana ni mwembamba, kipenyo mita 27 tu, na ndiyo maana unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Sakafu yake yenyewe iko zaidi ya mita 200 juu ya barabara.

Ukipanda hadi ghorofa ya 88 utaona kila mtu anakimbilia madirisha ya nje: mto Huangpu, majengo ya zamani ya Bund ng'ambo, mnara wa Oriental Pearl. Waache. Nenda katikati, kwenye vioo vinavyotazama ndani. Kwenye kioo nilichosimama kulikuwa na madoa ya vipaji vya nyuso za waliotangulia, yote kwenye kimo kimoja, kwa sababu hakuna namna ya kutazama chini bila kukiegemea. Chini kuna pete za mwanga wa manjano, moja ndani ya nyingine, 28, na kila moja ni korido ya wageni. Kwenye sakafu ya mwisho nilimwona mhudumu akivuka na trei. Sura yake haikuonekana wala mikono; nilijua ni trei kwa sababu iling'aa mara moja alipopita chini ya taa. Kijana aliyekuwa pembeni yangu alijaribu kupiga picha mara nyingi, kila mara akirudi nyuma hatua moja, mpaka akatoa simu kwa mkono ulionyooka na kufumba macho.

Ukisha kutazama kutoka juu, shuka ukaingie kwa mlango wa pili, ukae ghorofa ya 56. Pete zile zile sasa ziko juu yako, na ukitulia utaona kichwa cha mtu kikichungulia, kisha kinarudi. Kuuona ukumbi mmoja kutoka pande zote mbili, kwa mlango halali na bila kulala, ndicho kinachonifanya niiweke Shanghai mbele. Na kuna faida nyingine ambayo mawakala wa watalii hawaisemi: Shanghai ina siku nyingi za ukungu, hasa Juni na mwanzoni mwa Julai wakati wa mvua zao. Siku kama hiyo anayetaka mandhari ya nje amepoteza tiketi, lakini ukumbi uko ndani, ukungu haufiki. Wengine hupenda kwenda kwenye majirani zake warefu zaidi, Shanghai World Financial Center ya mita 492 na Shanghai Tower ya mita 632. Kwa kutazama mji, sawa. Kwa habari tunayoizungumza hapa, Jin Mao haina mpinzani pale.

Atlanta inamfaa asiyetaka kusimama. Marriott Marquis nayo ni kazi ya Portman, ghorofa 52, ukumbi wa ghorofa 47, vyumba zaidi ya 1,600. Kwa nje jengo limevimba chini, na watu wa mji wanalitania kuwa ni mjamzito. Ndani, roshani zimejikunja zikipanda pamoja, na kadiri unavyokwenda juu zinasogeleana, hivi kwamba ukisimama chini unaona mbavu. Waliokulia Jumapili za kanisani hutaja samaki wa Yona bila kuambizana. Katikati kuna nguzo ya lifti za kioo. Ukiingia katika mojawapo na kugeuka nyuma, sakafu inaondoka, viti vinakuwa vidogo, mbavu zinapita kushoto na kulia, na masikio yanaziba kidogo. Juu, ukitoka, unashika kizuizi na kutazama pale ulipokuwa dakika moja iliyopita.

Kama ningepewa nichague ukumbi tu, pasipo viza, nauli wala mzigo, ningechagua huu. Dubai inakuonyesha mali, na Shanghai inakuonyesha akili ya wahandisi. Atlanta ukumbi wenyewe unakubeba, na hakuna aliyekudai senti.

Safari kutoka mwisho wa reli

Lakini nauli ipo. Kwa sisi wa huku, hatua ya kwanza ndiyo inayochosha: Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya zamani ni zaidi ya kilomita 1,200, na hata mwenye kupanda ndege anajua ratiba zetu zilivyo. Usipange kuunganisha ndege ya nje siku hiyo hiyo. Hilo nalisema kwa kila mteja, na kila mara kuna anayedhani namtafutia hoteli ya Dar.

Dubai ni ya karibu kuliko zote, ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, kama saa tano na nusu angani. Mfanyabiashara anayelala Deira anapanda metro ya mstari mwekundu hadi kituo cha Mall of the Emirates, kisha teksi fupi. Nusu siku inatosha. Kuanzia Juni hadi Septemba joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo ile picha ya bure ya ufukweni ifuate asubuhi mapema.

Kwa China inategemea mzigo wako uko wapi. Aliyefikia Xiaobei, Guangzhou, Shanghai siyo jirani yake: treni ya mwendo kasi inachukua kama saa saba hadi nane, na nauli yake si ya kuchezea. Kwa ajili ya ukumbi tu sikushauri. Subiri safari utakayokuwa na shughuli Shanghai. Aliyeko Yiwu ana bahati, kwa sababu treni ya kasi inamfikisha Shanghai kwa takriban saa moja na nusu hadi mbili. Anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Shuka Hongqiao, panda metro mstari wa 2 bila kubadilisha, teremka Lujiazui. Jengo utaliona ukitoka kituoni. Tiketi za treni zinakatwa kwa pasipoti, kwa hiyo usiiache kwa mwenye nyumba ya wageni.

Viza ya Marekani ndiyo ngumu kuliko zote tatu, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiomba ili akaone hoteli. Lakini walio na ndugu Clarkston, mji mdogo pembeni ya Atlanta ambao kwa miongo kadhaa umekuwa ukipokea wakimbizi, wanaweza kuwa wamekaa dakika chache kutoka hapo bila kujua. Treni ya MARTA, nauli ya dola 2.50, inakwenda hadi kituo cha Peachtree Center. Kituo hicho chenyewe kimechimbwa kwenye mwamba, na mwamba umeachwa wazi ukutani. Ngazi yake ya umeme ni ndefu hata mtu anapata muda wa kusoma ujumbe wote wa simu. Ukifika juu, unafuata njia za ndani na madaraja ya kioo ya Peachtree Center, kundi la majengo yaliyounganishwa, hadi Marriott. Madaraja hayo hayo ya kioo yanakufikisha Hyatt Regency, ile ya 1967, na ukiwa umeshaona mtoto ni vizuri umwone na mzazi.

Wikiendi moja tu uikwepe. Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakati wa sikukuu yao ya wafanyakazi, hoteli hizo hujaa tamasha la Dragon Con, watu wamevaa mavazi ya kila aina ya viumbe, na mlangoni wanatakiwa wenye beji au wenye vyumba.

Ukiwa na watoto, wazee, au woga wa kimo

Mwenye kizunguzungu aende Dubai, au akae chini tu Atlanta. Jin Mao ghorofa ya 88 itamtesa bure. Wazee wasioweza kusimama muda mrefu, nawapeleka ghorofa ya 56 ya Jin Mao kwa sababu ya kiti, na Atlanta kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wadogo Atlanta wanafurahi kupita kiasi kwa ajili ya lifti, ila mshike mkono akiwa roshani. Matembezi ya Dubai ni marefu kwa mtoto wa miaka minne anayetaka samaki tu.

Picha: usihangaike kulenga kwa kuinua simu. Iweke mezani, kamera ya mbele ikitazama juu, weka muda wa sekunde kumi, kisha inama juu yake wewe na wenzako. Uso wenu utakuwa ukingoni na ukumbi wote katikati. Hoteli zote tatu inakubali.

Na mwenye hela ya usiku mmoja

Wapo wanaoniuliza hili, hasa maharusi. Burj Al Arab kila chumba ni cha ghorofa mbili, na bei yake ni ya kuuzia kiwanja, tuiache. Atlanta chumba ni cha hoteli ya mikutano, kizuri, hakina ajabu, na ajabu yote iko nje ya mlango ambako ungeweza kufika bila kulala.

Usiku huo ningeutumia Jin Mao. Asiye mgeni anaona korido zile 28 kutoka juu na kutoka chini, lakini hawezi kuzitembea. Mwenye kadi ya chumba anatoka saa nane usiku na kandambili za hoteli, anazunguka pete yake nzima na kukuta yuko peke yake. Unapoweka nafasi, omba ghorofa ya juu kadiri watakavyokubali, na uombe chumba kinachotazama mto. Wakikupa kinachotazama Shanghai Tower, mapazia yatafungwa muda wote, maana jirani huyo yuko karibu kuliko unavyopenda.